Panya Asiyelamba Mguu

Panya akiwekwa juu ya bamba la moto hulamba mguu. Bamba lenyewe si la kumbabua, lina joto la kukufanya uondoe kiganja haraka na kusema "aa!" basi. Kazi ya Dada ilikuwa kusimama hapo na saa ya kupimia mkononi, aibonyeze nyayo zinapogusa bamba, aibonyeze tena ulimi unapogusa mguu, kisha amtoe panya na kumrudisha kwenye kizimba chake. Asiye na dawa mwilini hulamba mapema. Aliyechomwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, hukaa, hukaa, ametulia kama mgeni kwenye sebule ya watu, halafu ndipo anakumbuka kwamba ana miguu. Asipolamba kabisa, kengele hulia na anatolewa kabla hajaumia.

Watu wakimuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Napima maumivu," na wao waliguna wasijue waendelee vipi. Nyumbani waliishia kumwita Dada, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, na jina likamganda mpaka baba yake mzazi naye akawa anamwita hivyo hivyo. Baba alikuwa na utani wake. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ni daktari, lakini msimfunulie vidonda vyenu. Ni daktari wa panya."

Siku moja Dada alikuwa akiwapima panya waliopewa dawa mbili kwa pamoja: mofini kidogo, na juu yake kichangamshi, dawa ya jamii ile inayomfanya mtu akae macho asisinzie. Panya hawa hawakukaa kama wageni. Walizunguka, wakanusa pembe za kioo kilichozungushiwa bamba, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakashuka, wakazunguka tena. Kengele ikalia, wa kwanza hakulamba. Akaja mwingine, kengele ikalia. Mwingine tena, kengele.

Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mazoea ya kusema kwa sauti ya chini akiwa na furaha na kwa sauti ya juu akiwa na hofu. Sasa alinong'ona.

"Umeona? Mofini nusu ya ile ya kawaida, na hawasikii kitu. Tena hawalali! Hawa si panya, hawa ni makala ya jarida."

"Nimeona."

"Sasa mbona umekaa kama mtu aliyeangusha pochi sokoni?"

Mguu wa kulia wa Dada ulikuwa unapigapiga sakafu bila yeye kuuamuru. Kwa wiki kadhaa sasa alikuwa hatulii. Akiwa maabara roho ilikuwa nyumbani, akiwa nyumbani roho ilikuwa njiani, na usingizi ulikuwa umemkimbia kana kwamba yeye ndiye aliyechomwa sindano ya kichangamshi. Alimweka panya wa mwisho kwenye kizimba, akavua glovu, akasema ana dharura, na kabla Profesa hajauliza dharura gani alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Dharura ilikuwa Baba.

Baba alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Mashabiki walimpa jina la Dakika Tisini, kwa sababu alizungumza dakika zote tisini bila kupumua, na mapumziko ya katikati aliyatumia kusimulia yaliyopita. Hata alipostaafu hakustaafu mdomo. Alitangaza mvua inavyoingia, alitangaza mkewe, alipokuwa hai, anavyomkimbiza paka jikoni. Aliwatangaza wajukuu wake wakigombea rimoti. Kisha ukaja ugonjwa. Ulianzia kwingine mwilini ukahamia kwenye mifupa, na ulipofika kwenye paja la kulia ukaamua kuweka kambi. Daktari alisema mfupa umeliwa kutoka ndani, akampa mofini ya maji kwenye chupa ya kahawia, ya kunywa asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala.

Mofini ilifanya kazi yake. Maumivu yalirudi nyuma, lakini yaliondoka na Baba mwenyewe. Alilala mdomo wazi tangu kifungua kinywa hadi jua linapozama. Wajukuu walikuja, wakakaa pembeni ya kitanda wakimtazama, wakaondoka. Akiamka aliuliza, "Nani alikuwa hapa?" na akiambiwa, alifumba macho tena, lakini safari hii si kwa usingizi.

Dada alimkuta ameketi kitandani, ameegemea mito, anatetemeka midomo. Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alikuwa amesimama mbele yake na bomba la kupimia dawa. Kitinda ndiye aliyekuwa akikaa na mgonjwa kutwa nzima. Aliacha kibanda chake cha kushonea, akahamia kwa baba yake na mito yake miwili na mkoba mmoja wa nguo.

"Amekataa," Kitinda alisema bila kugeuka. "Tangu mchana. Ongea naye wewe msomi."

"Baba, kunywa dawa," Dada alisema.

"Nimelala vya kutosha." Kila neno lilitoka na jasho. "Nitalala vizuri tu nikishakufa, tena bure, bila foleni ya hospitali. Sasa hivi nataka kuongea na watu. Keti hapo tuongee."

Dada hakuketi. Alikuwa anatembea toka dirishani hadi kabatini, toka kabatini hadi dirishani, na katika kutembea huko maneno yakamtoka. Alisimulia kuhusu panya. Mofini kidogo, kichangamshi kidogo, na panya wako macho, wanazunguka, wanasimama, na bamba hawalisikii. Mikono yake ilichora hewani. Alisema huenda siku moja wagonjwa nao watapata nafuu bila kupoteza akili zao mchana kutwa. Hakuwahi kusimulia kazi yake hivyo. Baba alimsikiliza macho yakiwa yamemtoka.

"Kwa hiyo wanaongea?"

"Panya hawaongei, Baba."

"Lakini wangekuwa wanaongea, wangeongea."

"Wangeongea."

"Basi nipeni mimi hiyo dawa ya panya!"

Kitinda alicheka mpaka akamwaga dawa. Hata Baba alicheka, kisha kicheko kikamkamata paja, akakunja uso, akafungua mdomo kama kifaranga, na Kitinda akammiminia mofini. Robo saa baadaye alikuwa anakoroma. Dada aliendelea kutembea. Kitinda alikuwa akipangusa sakafu taratibu, na hakuwa anacheka tena.

"Hiyo dawa ya kukaa macho," alisema, "ni ngumu kuipata?"

"Ya maabara ina kufuli na sahihi mbili."

"Aha," alisema Kitinda, akakamua kitambaa.

Siku zilizofuata Dada aliwapima panya wengine, na majibu yakawa yale yale. Profesa aliandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa watafiti na akaanza kunong'ona hata kwenye korido. Ila kulikuwa na kitu kilichomkwaruza Dada, asijue ni nini. Asubuhi moja, badala ya kusimama na kutazama kutoka juu, aliinama mpaka kidevu kikafika usawa wa bamba, akamtazama panya usoni.

Panya alikuwa anakimbia. Lakini macho yake yalikuwa yamebanwa yakawa mstari, masikio yamelala nyuma, mashavu yamevimba. Kila mtu wa maabara anaujua uso huo; ndio uso wa panya anayeumwa. Na miguu: aliinyanyua mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, kama anayepita juu ya mchanga wa jua kali. Alipotaka kuinama kuulamba mguu wa nyuma, kitu kilimvuta, akageuka, akanusa pembe, akakimbia. Kengele ikalia. Hakulamba.

Dada alimtoa, akamshika kiganjani, akausikia moyo wake ukienda kama cherehani.

Alimfuata Profesa ofisini. "Nadhani hawakosi maumivu. Nadhani hawana nafasi ya kulamba. Kichangamshi kinawakimbiza."

"Kipimo chetu ni kulamba," alisema Profesa, na sauti yake ikapanda. "Hajalamba, hajasikia. Ndivyo wanavyopima wote, dunia nzima."

"Ndiyo, kwa panya aliyetulia. Huyu hatulii. Tuwapime kwa mkia."

Kipimo cha mkia ni rahisi: panya anashikwa ndani ya kitambaa, ncha ya mkia inachovywa kwenye maji ya moto, na mkia wenyewe ndio unaochomoka. Hapo hakuna mbio, na panya hapati pa kwenda.

Profesa alitazama kalenda ukutani. "Muhtasari unatakiwa wiki hii. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na ukinikuta ninalia chooni utajua ni kwa ajili yako." Akavuta pumzi. "Haya. Wapime. Anza leo."

Dada alikuwa ameshika mlango simu ilipolia. Ilikuwa Kitinda, na alikuwa anapiga kelele, lakini kelele za furaha.

"Dada, njoo! Acha hao panya, njoo! Baba ameamka!"

"Ameamka vipi?"

"Sikiliza!"

Na Dada akasikia, kwa mbali, sauti ambayo hakuisikia kwa miezi, ile sauti ya redioni, inayopanda ngazi kwa ngazi kuelekea goli.

Hakumbuki alivyofika. Anakumbuka alikuwa bado na koti jeupe, na kwamba alishuka kwenye gari kabla ya kituo chake kwa sababu foleni ilisimama naye hakuweza kusimama. Alitembea kwa kasi, akakimbia, akatembea. Furaha ilimjaa kifuani, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine ambacho alikataa kukitazama.

Ng'ambo ya nyumba yao kulikuwa na wapangaji wanahamia. Watu wanne walikuwa wanapandisha kabati kubwa kwenye ngazi za nje, na majirani walikuwa wamejipanga barabarani, lakini hawakuwa wanatazama kabati. Walikuwa wanatazama dirisha la Baba, wanashika mbavu.

"...kabati linatoka wingi ya kulia! Yule mwenye kofia anapokea, anayumba, jamani anayumba, anajirekebisha! Mwenye fulana nyekundu anasema inua, mwenye kofia anasema shusha, hakuna maelewano kwenye safu ya ulinzi! Ooh! Limegonga nguzo! Limegonga nguzoooo!"

Wahamishaji wenyewe walikuwa wanacheka mpaka walilazimika kuliweka kabati chini.

Dada aliingia ndani mbio. Baba alikuwa amesimama. Hakuwa amesimama tangu mwezi uliopita, na sasa alikuwa wima dirishani, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine angani. Kitinda alikuwa kando yake, anapiga makofi, mashavu yamelowa machozi.

"Umeona? Umemwona?" alisema Kitinda.

"Dada!" Baba alimgeukia. "Karibu uwanjani! Umechelewa, kipindi cha kwanza kimekwisha, lakini usijali, nitakusimulia, nitakusimulia chote."

Alikuwa anatabasamu, na Dada naye akatabasamu, na kwa muda mfupi alikuwa binti tu. Kisha akaona. Jasho lilikuwa linamtiririka Baba mpaka ukosi umelowa. Mboni zilikuwa pana. Kati ya neno na neno taya lilisaga. Na mguu wa kulia, ule ulioliwa mfupa, alikuwa ameukanyagia kwa uzito wote, goti limenyooka, na misuli ya paja inacheza peke yake.

"Baba, mguu unauma?"

"Mguu gani?" Akacheka. "Ah, huo. Upo. Unauma kama kawaida. Ila leo sina nafasi nao."

Maneno hayo yalimkata Dada maini. Alimkimbilia, akanyoosha mikono yote miwili. "Keti. Baba, keti sasa hivi, nishike mimi."

"Subiri, wanalinyanyua tena, mwenye kofia..."

Aligeuka kuelekea dirishani, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, mkavu, kama kuni nyembamba. Alianguka kati ya mikono ya mabinti zake wawili. Na kilichomkaa Dada moyoni kwa muda mrefu zaidi ni kwamba Baba hakulia papo hapo. Aliendelea. Akiwa sakafuni, paja limepinda mahali pasipo na goti, alisema maneno mengine mawili matatu kuhusu mwenye kofia, kwa sauti ile ile ya redio, ndipo maumivu yalipomfikia, na kelele aliyopiga ilinyamazisha barabara nzima.

Hospitalini walimkimbiza ndani. Daktari aliyekuwa akimtibu tangu mwanzo, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni, alitoka baada ya muda na kuwakuta wawili hao kwenye korido, mmoja ameketi, mwingine anatembea.

"Moyo unakwenda mbio kupita kiasi," alisema. "Mofini haifanyi hivyo. Amekula nini kingine?"

Kitinda alitazama viatu vyake.

"Mdogo wangu," alisema Dada. "Mwambie daktari."

Kitinda akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kimekunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo. "Vya mume wangu," alisema. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. "Wanakula wakiwa barabarani wasisinzie. Nilimpa kimoja asubuhi. Aliamka, akaomba chai, akaniita jina langu lote. Basi nikampa cha pili."

Daktari alichukua karatasi, akavivuta vidonge karibu na miwani, akarudi ndani navyo.

"Umefanya nini?" Dada alimsimamia mdogo wake mbele. "Hujui kipimo, hujui vimetoka wapi, hujui vimechanganywa na nini. Ungeniuliza! Mimi ndiyo kazi yangu!"

Kitinda aliinua uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu anayelala kwa vipande.

"Nilikuuliza. Ulisema kuna kufuli." Akafunga mkoba. "Wewe ndiye uliyekuja pale chumbani ukizunguka kama feni, ukisema hawalali na hawasikii. Ukamwonyesha, ukaondoka. Mimi nikabaki naye. Kila siku ananiuliza ile dawa iko wapi. Wewe unakaa na panya, Dada. Mimi nakaa na Baba."

Dada aliketi kando yake. Walikaa hivyo, mabega yanagusana, kila mmoja anatazama ukuta wake, mpaka walipoitwa.

Daktari wa mifupa alitia chuma ndani ya paja. Moyo ulishuka taratibu. Kwa siku kadhaa Baba alikuwa wa mofini tu, anaelea, anataja majina ya wachezaji waliozeeka zamani. Dada aliomba likizo ya nusu siku. Asubuhi alikuwa maabara, mchana alimpokea Kitinda ili akalale. Walikuwa wanapeana zamu mlangoni kwa maneno machache: amekunywa, hajala, amejisaidia. Siku ya tatu Kitinda alisema, "Nimekuachia uji kwenye chupa," na Dada akajua wamepatana.

Maabara, kipimo cha mkia kilikwisha. Majibu hayakumpendeza mtu. Mofini pamoja na kichangamshi ilipunguza maumivu zaidi kuliko mofini peke yake, hilo lilikuwa kweli, lakini kwa kiasi kidogo, si kama bamba lilivyodai. Kilichobaki kilikuwa mbio. Profesa alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa ameketi.

"Unataka niandike kwamba tulikosea?"

"Andika vipimo vyote viwili. Kimoja kinapima maumivu. Kingine kinapima maumivu na pirikapirika, na hatuwezi kuvitenganisha."

"Pirikapirika," Profesa alirudia kwa sauti ya juu kabisa, "haiwezi kuingia kwenye muhtasari." Lakini aliufuta ule wa kwanza mbele ya macho ya Dada, na wiki hiyo hawakupeleka kitu chochote. Alimnunia mpaka Ijumaa. Ijumaa alimletea chai mezani na kuuliza hali ya mzee.

Hali ya mzee ilikuwa imeanza kupata maneno. Asubuhi moja alifumbua macho, akamtazama daktari wake, akamtazama Dada, akasema, "Mimi nataka ile ya panya. Lakini ya halali."

Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alieleza kwamba kuna madaktari wanaowapa wagonjwa wa mofini kichangamshi hafifu, kidogo sana, asubuhi tu, moyo ukiangaliwa. Wengine huamka. Wengine hupata wasiwasi na kutetemeka. "Na ni akiwa kitandani. Kitandani, Mzee. Hakuna dirisha." Kisha akamgeukia Dada. "Panya wako wanasemaje?"

Dada alisimama, akaketi. "Wanasema inasaidia kidogo. Na wanasema huwezi kuamini mguu wa aliyekunywa. Anaweza kuumwa asikwambie."

"Nitakwambia," alisema Baba.

"Siku ile hukusema."

"Siku ile hukuniuliza vizuri. Uliuliza kama mguu unauma. Uliza, Baba, kuna kitu kinakuuma ambacho huna nafasi nacho?"

Wakajaribu. Kitinda ndiye aliyempa, mbele ya daktari, na Dada akamshikia mgonjwa mkono wa pili, vidole kwenye mshipa. Baba aliamka. Haikuwa kama siku ya kabati. Alikuwa macho kama mtu aliyeamshwa na mlango: yupo, anaona, anajibu. Wajukuu walikuja akawauliza habari za shule na akasikiliza majibu. Aliongea na Kitinda mambo yao wawili ambayo Dada aliambiwa atoke nje asiyasikie. Alimwita mkwewe dereva, ambaye alikuwa anamkwepa kwa aibu, akamwambia, "Vidonge vyako vikali, bwana. Usiviendeshee gari, nitakufuata huko huko barabarani." Kila saa mmoja wa mabinti alimuuliza lile swali, na yeye aliacha kuongea, akajichunguza kama anayepapasa mifuko, akajibu: "Mgongo, kidogo." Au: "Paja. Ongeza."

Lakini mchana ulipofika vidole vyake vilikuwa vinavuta nyuzi za shuka. Alitaka mto uinuliwe, ushushwe, uinuliwe. Aligombana na feni. Alimgombeza Kitinda kwa kupumua kwa sauti. Kulala alitaka, lakini usingizi ulikataa kuja, na kuongea alitaka, lakini sentensi zilikatika katikati.

"Nimechoka kukimbia nikiwa kitandani," alimwambia Dada jioni moja.

"Tuache?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Hapo zamani alikuwa hafikiri hivyo, alisema tu. "Siku za wajukuu nipeni. Siku nyingine niacheni nilale. Na asubuhi punguzeni ile ya kahawia kidogo, kidogo tu, nipate kusema jambo moja au mawili. Maumivu ya kiasi hicho nayajua, tumezoeana."

Daktari alikubali, na ndivyo walivyoishi kwa majuma yaliyobaki. Siku za wajukuu nyumba ilikuwa na kelele. Siku nyingine Baba alilala, na Dada alizunguka: dirishani, kabatini, jikoni, mlangoni, mpaka Kitinda akamtupia nguo zikunjwe ili mikono yake ipate kazi.

Baba alifariki alasiri moja akiwa amelala, siku isiyokuwa ya wajukuu. Kitinda alikuwa anashona kifungo, Dada alikuwa ameshika mkono wa mzee. Pumzi zilipungua, zikaachana mbali mbali, kisha hazikurudi.

Barabarani mtu alikuwa anaita teksi.

"Alikuwa anaumia?" Kitinda aliuliza. "Mwishoni. Usinifiche."

Dada alimtazama Baba usoni kwa makini. Nyusi zilikuwa zimelegea, taya limelegea, vidole havikuwa vimeshika kitu. Aliwaza aseme hapana, kwa sababu mdogo wake alikuwa anaingoja hapana hiyo kwa macho yote.

"Sijui," alisema. "Nadhani hapana. Lakini sijui, Kitinda."

Kitinda aliitikia kwa kichwa taratibu, akamalizia kifungo, akakata uzi kwa meno. Kisha akasogeza kiti chake karibu, akaketi na dada yake, na wote wawili wakatulia.